Bega Lililogeuka Mlima

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Kitengela, Kaunti ya Kajiado



Nianze na mlima ambao mnaujua, ijapokuwa umesimama ng'ambo ya mpaka. Ukiifuata barabara ya Namanga mapema asubuhi, ukaipita Isinya na kuiacha Kajiado mjini, Kilimanjaro hukaa mbele yako upande wa kusini. Siku za kiangazi, vumbi likiwa limetanda, huonekana kama uvimbe wa kijivu kwenye ukingo wa anga, na mgeni anaweza kuapa kuwa ni wingu. Mvua ikinyesha usiku, hewa ikatakata, uvimbe uleule hugawanyika: Kibo mkono wa kulia, mita 5,895; Mawenzi mkono wa kushoto, mita 5,149. Mlima haukuongezeka kitu usiku ule. Kilichoongezeka ni uwezo wetu wa kupambanua.

Mhadhara wangu wote ni juu ya uwezo huo. Nitasimulia jinsi watu walivyogundua chembe zinazoundwa na kwaki nzito, na ninachotaka mkione katika masimulizi haya ni kimoja: mtambo wenye nguvu kupita yote haukuwa ndio ulioleta ugunduzi huo. Uliletwa na watu walioondoa ukungu ndani ya vipimo vyao. Wengine walikuwa wametazama mahali palepale miaka michache kabla yao, wakaona bega tu.

Kila kitu kilichomo ukumbini humu kimejengwa kwa atomu. Katika kiini cha atomu mna protoni na nyutroni, na ndani ya hizo mna kwaki. Kwaki ziko aina sita, nazo huitwa apu, dauni, strenji, chamu, botomu na topu. Protoni ni apu mbili na dauni moja. Aina hizo mbili ni nyepesi mno, na ndizo zinazotosha kuunda mawe, maziwa, ng'ombe na sisi wenyewe. Tatu za mwisho ni nzito. Wanafizikia hupima tungamo la chembe kwa kipimo cha nishati kiitwacho gigaelektronivolti, kwa kifupi GeV. Protoni ina 0.938. Kwaki moja ya chamu ina takriban 1.27, botomu 4.18, na topu takriban 173, kiasi kinachokaribia tungamo la atomu nzima ya dhahabu.

Hakuna aliyewahi kuikuta kwaki ikitembea peke yake. Kani inayozifunga pamoja ina tabia ya ajabu. Mvutano wa sumaku hupungua vitu vikitengana, na mvutano wa dunia vilevile. Kani ya kwaki, zikishaachana kiasi, haipungui. Inabaki takriban nyutoni 160,000, sawa na uzito wa tani 16, kati ya chembe mbili zisizoonekana kwa hadubini yoyote. Ukizidi kuvuta, nishati unayotia inazaa kwaki mpya na kwaki kinyume chake, na kila mmoja wa waliotenganishwa anapata mwenzi.

Ndiyo maana kani hii ni ngumu kuichunguza ndani ya protoni. Kwaki nyepesi zinakimbia karibu na kasi ya mwanga, na hesabu zake zinajaa vurugu. Lakini kwaki nzito ikifungwa pamoja na kinyume chake, botomu na botomu-kinyume kwa mfano, hizo mbili huzungukana kwa utulivu zaidi, na mfumo wake unafanana na atomu ya haidrojeni: una ngazi za nishati, ya chini kabisa, ya pili, ya tatu, na ukishuka kutoka ngazi moja hadi nyingine unatoa mwanga. Familia hiyo nzima tutaiita kwakonia. Ya chamu ni chamonia, ya botomu ni botomonia. Haidrojeni ndiyo iliyotufundisha kanuni za atomu, na kwakonia ndiyo iliyotufundisha kwamba kwaki ni vitu halisi. Kabla ya Novemba 1974 wanafizikia wengi wenye akili timamu walizichukulia kwaki kuwa mbinu ya hesabu tu.

Sasa swali ambalo kijana yeyote makini lazima aliulize. Chembe inayoishi kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, isiyoacha alama yoyote mahali ilipokuwa, tunajuaje kwamba ilikuwapo?

Tunajua kwa kuwapima watoto wake. Chembe ikivunjika, nishati yake na momentamu yake havipotei, vinagawanywa tu kwa wanaozaliwa. Baadhi ya chembe za kwakonia huvunjika kuwa elektroni na positroni, au myuoni mbili zenye chaji zilizo kinyume. Myuoni ni ndugu mzito wa elektroni, tungamo lake likiwa takriban mara 207 ya lile la elektroni. Msidhani ni kitu cha maabara za ng'ambo. Myuoni zinatunyeshea hapa Kitengela usiku na mchana, zikitokana na miale ya anga za mbali inapogonga hewa ya juu. Usawa wa bahari ni takriban moja kwa kila sentimita mraba kwa kila dakika, na sisi tulio juu ya mita 1,500 tunapata zaidi kidogo. Zimepenya paa hili na vichwa vyenu tangu nilipoanza kuzungumza.

Basi chukua myuoni mbili zilizotoka mahali pamoja. Jumlisha nishati zake, uitafutie jumla hiyo mraba wake. Jumlisha momentamu zake ukizingatia mielekeo, utafute mraba wa hiyo pia. Toa ya pili kutoka ya kwanza, kisha tafuta kipeuo cha pili. Unachopata, ukitumia vipimo ambamo kasi ya mwanga ni moja, ni tungamo la mzazi, kama walikuwa na mzazi mmoja. Kama hawakuwa naye, utapata namba yoyote ile, leo 2.4, kesho 5.1. Fanya hivyo kwa jozi maelfu, uzichore kwenye grafu. Jozi za bahati nasibu hutapakaa na kufanya mteremko laini. Jozi zenye mzazi mmoja zinarundikana mahali pamoja. Rundo hilo tunaliita kilele.

Rundo hilo litakuwa jembamba kiasi gani? Hapo ndipo ukungu unapoingia. Kifaa kinachokosea nishati ya myuoni kwa asilimia 10 kitalitawanya rundo pande zote mbili hadi lifanane na mteremko wenyewe.

Mwaka 1968, katika Maabara ya Taifa ya Brookhaven karibu na New York, kundi la Leon Lederman lilikuwa linarusha protoni kwenye shabaha nzito na kuhesabu jozi za myuoni. Ili kuzuia takataka zote nyingine, waliweka ukuta mnene wa chuma baada ya shabaha. Myuoni hupenya chuma, chembe nyingi nyingine hazipenyi. Mbinu ilikuwa nzuri kwa kusafisha, ila ilikuwa na gharama: kila myuoni iliyopita ndani ya chuma ilipoteza nishati kidogo na kuyumbishwa mwelekeo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1970, yalionyesha mteremko mrefu unaoshuka, na karibu na 3 GeV mteremko ule ulisita, ukafanya kama bega, kisha ukaendelea kushuka. Walijadili bega lile kwa uangalifu. Hawakudai kwamba kuna chembe, nami nawasifu kwa hilo, kwa sababu data waliyokuwa nayo haikuwaruhusu kudai.

Samuel Ting, wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alifika Brookhaven na mpango ulioonekana wa kiwendawazimu. Angetumia jozi za elektroni na positroni badala ya myuoni, pasipo ukuta wa chuma, na angezipima kwa sumaku kubwa kwa usahihi wa takriban sehemu moja kwa mia kadhaa. Tatizo ni kwamba pasipo ukuta, kila jozi moja anayoitaka inakuja na mamilioni ya chembe nyingine zinazojifanya elektroni. Ilimbidi ajenge vifaa vya kuzikataa hizo kwa uhakika wa zaidi ya moja kwa milioni mia. Mionzi ilikuwa mikali kiasi kwamba waliizingira kazi yao kwa takriban tani 10,000 za zege, tani 100 za risasi, na tani 5 za sabuni ya boraksi ya kunyonya nyutroni. Sisi tunaoishi jirani na viwanda vya saruji vya Athi River tunaweza kukadiria malori hayo ya zege ni mangapi.

Katika kiangazi cha 1974 protoni za zaidi ya GeV 28 zilipiga shabaha ya berili, na kwenye grafu ya Ting palichomoza kilele kwenye 3.1 GeV. Pande zote mbili za kilele hapakuwa na kitu cha maana. Grafu aliyoichapisha ina matukio 242. Hakukimbilia gazetini. Alibadilisha nguvu ya sumaku, akapunguza unene wa shabaha, akatafuta kosa kila mahali kosa linapoweza kujificha. Kilele hakikusogea.

Wakati huohuo, upande wa pili wa Marekani, katika maabara ya SLAC huko California, kundi la Burton Richter lilikuwa na mtambo uitwao SPEAR. Ulikuwa pete ya kipenyo cha takriban mita 80, uliojengwa kwenye eneo la kuegeshea magari kwa kiasi cha dola milioni 5, baada ya maombi yao ya fedha kukataliwa mara kwa mara. Ndani ya pete elektroni na positroni zilizungushwa pande zilizo kinyume na kugonganishwa. Uzuri wa njia hii ni kwamba nishati ya mgongano unaichagua wewe mwenyewe. Walikuwa wakipanda kwa hatua za 0.2 GeV: 3.0, 3.2, 3.4, na kuendelea. Sasa tunajua kwamba kilele chenyewe kina upana usiofika hata 0.0001 GeV. Kwa hatua za namna ile wangeweza kukiruka maisha yao yote.

Kilichowaokoa ni kutoridhika. Vipimo vichache vya ziada vilivyofanywa awali mwaka ule kwenye 3.1 havikulingana: vingine vilikuwa vya kawaida, vingine vilikuwa juu kidogo. Mtu mwingine angechukua wastani na kusonga mbele. Baadhi ya vijana wa kundi lile walishikilia kwamba mtambo urudishwe huko chini, upite tena kwa hatua ndogo ndogo. Mwisho wa juma la tarehe 9 na 10 Novemba 1974 walirudi, na idadi ya migongano ilipanda mara kumi, kisha mara mia. Jumatatu tarehe 11, Ting, ambaye alikuwa amefika SLAC kwa mkutano wa kamati, alikutana na Richter, na kila mmoja akamweleza mwenzake habari ileile. Siku chache baadaye Waitalia wa Frascati waliusukuma mtambo wao wa ADONE kupita kikomo ulichotengenezewa, nao wakakiona. Tarehe 21 Novemba SPEAR ikapata kilele cha pili, karibu na 3.69. Kundi la Ting liliita chembe ya kwanza J, la Richter likaiita psi, na hadi leo inaandikwa J/psi kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa. Tuzo ya Nobel waligawana mwaka 1976.

Naomba mnivumilie katika jambo la upana, maana ndilo kiini cha mambo. Chembe inayovunjika haraka haina tungamo moja kamili; kadiri inavyoishi kwa muda mfupi ndivyo kilele chake kinavyokuwa kipana. Chembe ya kawaida yenye tungamo la 3 GeV ingetarajiwa kuwa na upana wa makumi au hata mamia ya megaelektronivolti, ambayo kila moja ni sehemu moja ya elfu ya GeV. J/psi ina 0.093 tu. Inaishi takriban sekunde 7 zikigawanywa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 21. Kwetu ni muda usiofikirika, lakini kwa chembe za aina yake ni uzee mrefu, mara elfu moja ya ilivyotarajiwa.

Mtauliza waliupimaje upana wa 0.093 ilhali nishati ya SPEAR yenyewe ilikuwa inayumba kwa zaidi ya megaelektronivolti moja. Hawakuupima kwa kutazama kilele. Waliona kwamba ukungu wa kifaa unaweza kukitandaza kilele, ukakishusha na kukipanua, lakini eneo lililo chini yake haliwezi kubadilika. Kutoka kwenye eneo hilo, na kutoka kwenye sehemu ya J/psi zinazovunjika kuwa elektroni au myuoni, ambayo ni karibu asilimia 6 kwa kila aina, waliupata upana halisi kwa hesabu. Katika fizikia yote niliyoisoma sijui mfano mzuri kuliko huu wa kuupita ukungu kwa kufikiri.

Na kwa nini inaishi muda mrefu hivyo? Ndani yake mna chamu na chamu-kinyume. Njia rahisi ya kuvunjika ingekuwa kila mmoja ajitwalie kwaki nyepesi na kwenda zake, wakaunda chembe mbili ziitwazo D. Lakini D mbili zinahitaji GeV 3.73, na J/psi ina 3.097 tu. Mlango umefungwa. Inabidi chamu na kinyume chake ziangamizane zenyewe kwa zenyewe, kwa njia ndefu na nadra. Kilele cha pili, kilicho kwenye 3.686, nacho kiko chini ya mlango huo na ni chembamba. Cha tatu kiko kwenye 3.77, juu kidogo tu ya mlango, na upana wake ni takriban megaelektronivolti 27, karibu mara 300 ya J/psi. Chembe za D zenyewe zilipatikana SPEAR mwaka 1976. Baada ya hapo kulibaki watu wachache sana wa kubisha kwamba kwaki zipo.

Lederman hakukaa akilia. Alihamia Fermilab, karibu na Chicago, kwenye protoni za GeV 400. Mwaka 1976 kundi lake lilitangaza kilele karibu na 6 GeV, kutokana na jozi chache za elektroni. Data zaidi ilipokusanywa, kilele kile kikayeyuka. Kilikuwa bahati nasibu. Naitaja habari hii kwa sababu vitabu vya shule huiruka, na kwa kuiruka vinawaibia wanafunzi somo kubwa. Mtu yuleyule aliyekuwa mwangalifu mno mbele ya bega la kweli alikuwa mwepesi mbele ya kilele cha uongo, na hakuna kanuni ya kukulinda na yote mawili isipokuwa kupima tena.

Walirudi kwenye myuoni, safari hii wakiweka berili, isiyoyumbisha myuoni sana, mahali ambapo chuma kingeharibu. Katika nusu ya kwanza ya 1977 walikusanya maelfu ya jozi, na karibu na 9.5 GeV palichomoza uvimbe. Hapo wakauliza swali la mtu aliyeumwa na nyoka: uvimbe huu una upana gani, na ukungu wa kifaa chetu ni upana gani? Kifaa kilikuwa na ukungu wa takriban nusu GeV, lakini uvimbe ulizidi GeV moja. Kwa hiyo hauwezi kuwa kilele kimoja. Walikuwa wanatazama Kibo na Mawenzi kupitia vumbi, na walijua hivyo kabla vumbi halijatua. Mwaka 1978 mtambo wa DORIS huko Hamburg ulitenganisha viwili, na baadaye mtambo wa CESR wa Chuo Kikuu cha Cornell ukaonyesha vitatu vikiwa wima kama miti: 9.46, 10.02 na 10.36. Chembe hizo huitwa upsiloni, na ndani yake mna kwaki ya botomu.

Tazameni sasa namba mbili. Kutoka kilele cha kwanza cha chamonia hadi cha pili ni megaelektronivolti 589. Kutoka cha kwanza cha botomonia hadi cha pili ni 563. Botomu ni nzito zaidi ya mara tatu, lakini hatua ni karibu ileile! Haidrojeni haifanyi hivyo. Katika mfumo wa aina yake hatua ingekua pamoja na tungamo. Hapo namba mbili za maabara zinatueleza umbo la kani yenyewe: karibu sana inafanana na ile ya umeme, mbali inakuwa ile kani isiyopungua niliyoisema. Wataalamu wa Cornell, Eichten na wenzake, waliandika mlinganyo wa namna hiyo katika miaka ya 1970, na bado unatumika. Stephan Narison, mwana wa Madagaska aliyefanya kazi Montpellier, Ufaransa, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kukokotoa matungamo ya chembe hizi kutoka kwenye nadharia ya kani yenyewe, na tangu 2001 amekuwa akiwaita wanafizikia wa dunia Antananarivo kwa mikutano ya HEPMAD.

Ngazi ya chini kabisa ya botomonia, mahali ambapo mizunguko ya kwaki hizo mbili inapingana, ilijificha miaka 31. Haivunjiki kuwa myuoni mbili kwa wepesi, kwa hiyo ilibidi itafutwe kwa mwanga inaotoa upsiloni inapoishukia. Mwaka 2008 kundi la BaBar huko SLAC lilichambua upsiloni za ngazi ya tatu zaidi ya milioni 100, likaondoa mteremko mkubwa wa mwanga usiohusika, na hapo kando ya vilele vingine pakabaki kilima kidogo. Hicho ndicho kilikuwa kinatafutwa. Tungamo lake ni takriban 9.4.

Kuanzia mwaka 2003 mambo yalianza kutushinda, kwa maana nzuri ya neno. Kundi la Belle huko Tsukuba, Japani, lilipata kilele chembamba kwenye 3.872 GeV ambapo jedwali la chamonia halikuwa na nafasi. Tungamo lake ni sawa na D mbili za aina fulani zikijumlishwa, kwa tofauti ambayo vifaa vya leo vinahangaika kuipima. Je, ni D mbili zilizoshikana kama molekuli? Ni kwaki nne ndani ya mfuko mmoja? Ni mchanganyiko? Mabishano yanaendelea, nami naona wale wa mchanganyiko wana hoja nzito zaidi. Julai 2015 kundi la LHCb, huko CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, lilitangaza chembe za kwaki tano zinazovunjika kuwa J/psi na protoni. Moja ilikuwa kwenye 4.45. Mwaka 2019, data ikiwa imeongezeka karibu mara tisa, kilele kile kimoja kilipasuka mbele ya macho yao kikawa viwili, 4.440 na 4.457, na cha tatu kikajitokeza kwenye 4.312.

Kuna matumizi mengine ya kwakonia nitakayoyagusa tu. Mwaka 1986 Matsui na Satz walitabiri kwamba ndani ya supu ya kwaki, joto likizidi digrii trilioni, J/psi zitayeyuka. Tangu hapo chembe hizi zimekuwa kipimajoto. Katika jaribio la ALICE la CERN, kazi ya myuoni inawashirikisha Waafrika Kusini wa iThemba LABS na Chuo Kikuu cha Cape Town.

Na leo? Leo kuna bega jipya. Kwaki ya topu, iliyopatikana Fermilab mwaka 1995, inakufa haraka mno, na tulikuwa tunawafundisha wanafunzi kwamba haiwezi kamwe kufungana na kinyume chake. Mwaka 2025 kundi la CMS, kisha la ATLAS, yote ya CERN, yalitangaza kwamba jozi za topu huzaliwa kwa wingi kupita hesabu pale tu nishati inapotosha kuziunda, karibu na 345 GeV. Umbo lake linafanana na topu mbili zinazoshikana kwa kitambo kabla ya kufa. Ongezeko lenyewe lipo bila shaka. Maana yake bado inajadiliwa. Ukungu wa kupima jozi ya topu ni makumi ya GeV, kwa hiyo hakuna anayeona kilele chembamba. Wanaona bega, kama lile la mwaka 1970.

Nimesikia ikisemwa, hata na walimu, kwamba sayansi hii ni ya nchi zenye pete za kilomita 27 chini ya ardhi. Kujenga pete kunahitaji fedha, sikatai. Kusoma kilichotoka ndani yake hakuhitaji. Ketevi Assamagan, mwenye asili ya Togo, anafanya kazi Brookhaven, maabara ileile ya kilele cha Ting, na ni mmoja wa waanzilishi wa Shule ya Fizikia ya Afrika, ambayo mwaka 2016 ilikaa Kigali. Kigali hiyohiyo ina taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi iliyofunguliwa mwaka 2018 chini ya mwavuli wa kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam. Kutoka hapa ni mwendo wa ndege wa saa moja na kitu. Kinachonisumbua zaidi ni kilicho madarasani mwetu. Mara nyingi tunamsifu mwanafunzi kwa kulikaribia jibu la kitabu, wala hatumuulizi ukungu wa kipimo chake ni upana gani. Tunalea watu wa kunakili vilele vya wengine.

Kwa hiyo, walimu, hii hapa kazi ya muhula ujao. Tangu Novemba 2014 CERN imeweka data yake wazi kwenye intaneti, bila malipo. Limo faili dogo la CMS lenye matukio 100,000 ya jozi za myuoni yaliyokusanywa mwaka 2010, yenye matungamo kati ya 2 na 110 GeV. Linafunguka kwa programu ya kawaida ya majedwali kwenye kompyuta yoyote ya shule. Kila mstari una nishati, momentamu na chaji za myuoni mbili. Msitumie safu ya tungamo iliyokwisha kukokotolewa. Wanafunzi walikokotoe wenyewe kwa kanuni niliyoitaja. Kisha wachore grafu mara tatu. Mara ya kwanza wagawe mhimili kwa hatua za GeV 2, na J/psi itapotea ndani ya mteremko. Mara ya pili kwa 0.5. Mara ya tatu, kati ya 2 na 12 pekee, kwa 0.05, na wapime wenyewe upana wa kilele cha 3.1 wanachokiona, waulinganishe na ule wa kweli, wa 0.000093, na waeleze kwa maandishi tofauti hiyo imetoka wapi. Karibu na 9.5 watakuta upsiloni. Waamue kama wanaona vilele vitatu au kimoja, na kila mmoja atetee jibu lake. Mwisho wachague jozi zile tu ambazo myuoni zote mbili zina chaji ya aina moja, wachore tena kwa hatua zilezile, na wachunguze ni nini kilichobaki kwenye 3.1.